Kwenda kukata kuni: jinsi ya kubeba shoka, panga, chenso na vikorokoro vyake

Watu wakitaja hatari ya kukata kuni hutaja mti: mti ulioangukia upande usiotarajiwa, tawi bovu la juu, msumeno ulioruka. Ni kweli kabisa. Lakini makovu ninayoyajua mimi, yangu na ya watu wa nyumbani kwetu, karibu yote yamepatikana njiani. Kovu la kisiginoni kwa kaka yangu ni la panga lililochomekwa kwenye tita la kuni bila ala. Langu la kwenye bega ni la shoka lililochomoka kwenye mpini huku nimelibeba kama bunduki. Na siku tulizorudi saa nne asubuhi bila hata kuni moja hatukurudishwa na mti. Tupa ilibaki dirishani, au petroli ilivujia kwenye viazi vya kuchemsha na hakuna aliyekuwa na hamu ya kula wala kufanya kazi.

Sisi tunakata miwati, Njombe. Muwati asili yake ni Australia. Uliletwa kwa ajili ya magome yake, ambayo yana tanini ya kusindikia ngozi za wanyama. Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa mwaka 1949, na baada ya hapo mti ukasambaa mpaka kwenye mashamba ya watu wa kawaida. Kuni zake ni nzito na makaa yake hukaa muda mrefu, na hilo ni jambo kubwa mahali ambapo Juni na Julai mtu halali bila moto. Shamba letu liko mwendo wa saa moja kwa miguu, nusu yake mteremko wa udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Nitakayoyaeleza yanafaa pia kwa mikaratusi, misindano, migrivea, au mti wowote wenye ruhusa ya kukatwa.

Kuhusu ruhusa niseme kifupi tu. Kama shamba si lako, pata kibali kwa mwenye shamba au ofisi ya misitu kabla ya kunoa hata panga. Kama kuni zitapanda gari kwenda kuuzwa, ulizia mapema ile hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ambayo wengi wanaiita TP. Ulizia pia kama chenso yako, yaani msumeno wa injini, inatakiwa kusajiliwa. Kujieleza kwenye kizuizi cha barabarani huku gari limejaa kuni ni kazi ngumu kuliko kukata.

Hatua ya 1: Tenganisha siku

Kosa la kwanza hufanyika nyumbani, mtu anapotaka kuangusha, kukata vipande, kupasua na kubeba kwa siku moja. Akifanya hivyo lazima abebe kila kitu alicho nacho, na jioni, akiwa amechoka, arudi na kila kitu pamoja na kuni juu yake.

Sisi tuna siku tatu. Siku ya kuangusha na kukata vipande, ambapo chenso inakwenda. Siku ya kupasua, ambapo chenso inabaki nyumbani na shoka linakwenda na kabari zake. Halafu, baada ya wiki kadhaa, siku ya kubeba, ambapo hakiendi chochote chenye makali isipokuwa panga moja. Siku ya kupasua isicheleweshwe mno: muwati hupasuka vizuri ukiwa mbichi, na mkaratusi ukiuacha ukauke utaukuta umekuwa kama chuma.

Kuni ikikaa porini wiki sita au nane za kiangazi, ikiwa imepasuliwa na kupangwa juu ya magogo mawili isiguse udongo, hupungua uzito mpaka unajiuliza kama ni ile ile. Sehemu kubwa ya uzito wa kuni mbichi ni maji, na sioni sababu ya mtu kupanda mlima na maji kichwani ambayo jua lingeyabeba bure. Wasiwasi wa kuibiwa upo, siukatai. Sisi tunapanga mbali na njia na tunaweka alama ya rangi kwenye vichwa vya kuni. Mpaka sasa tumepoteza kidogo kuliko nilivyoogopa.

Hatua ya 2: Pima mzigo kabla haujakupima

Chukua mizani ya dukani au hata ya kupimia viazi, weka vitu vyako kimoja kimoja. Mimi nilipofanya hivyo kwa siku ya kuangusha nilishangaa. Chenso yenye baa ya inchi 16 (baa ni ule ubapa ambao mnyororo unauzunguka) ikiwa imejaa mafuta ilikuwa karibu kilo 6. Petroli lita 3 ni kilo 2 na robo, kwa sababu petroli ni nyepesi kuliko maji. Oili ya mnyororo lita moja na nusu, kama kilo moja na robo. Shoka kilo mbili na nusu. Kabari mbili na nyundo, mbili na nusu tena. Panga zaidi kidogo ya nusu kilo. Maji ya kunywa lita 3, kilo 3. Chakula kilo moja. Kamba, tupa, spana ya plagi, bandeji na vidude vingine, kilo moja na nusu. Jumlisha: karibu kilo 20. Huo ni uzito wa ndoo kubwa ya maji iliyojaa, na bado hujagusa kuni.

Ukishaona namba hiyo, kupunguza kunakuwa rahisi. Nyundo nzito tuliiacha, kwa sababu kabari za plastiki na za mbao ngumu zinagongwa kwa kisogo cha shoka bila shida. Kabari ya chuma na kisogo cha shoka usivigonganishe: kisogo hutanuka, tundu la mpini hupasuka, na vipande vya chuma huruka usoni. Kabari za mbao unaweza hata kuzichonga huko huko kutoka kwenye tawi kavu, kwa hiyo tunabeba moja tu ya plastiki ya kukaa kwenye mkato wakati chenso iko ndani. Petroli pia tulipunguza. Tangi la chenso ya kawaida huingia kama nusu lita, na la oili karibu nusu ya hapo, ndiyo maana nabeba oili nusu ya petroli. Lita 2 zinakupa kujaza mara nne. Mtu ambaye si wa kazi hiyo kila siku akishajaza mara nne mikono inatetemeka, na mikono inayotetemeka haitakiwi kushika chenso.

Hatua ya 3: Vika kila chenye makali nguo yake

Hapa ndipo ninapowagombeza watu, na nitakaa kidogo.

Panga halibebwi uchi. Ukinunua panga jipya dukani halina ala, basi tengeneza siku hiyo hiyo. Njia ninayoipenda ni bomba la plastiki la maji la inchi 2. Kata kipande kirefu kuliko ubapa kwa upana wa vidole vitatu. Kipashe juu ya makaa, mbali na mwali, ukikigeuzageuza mpaka kilegee, kisha kikandamize katikati ya mbao mbili ukiwa umeweka ndani kipande cha ubao chembamba chenye unene wa panga. Kikipoa kinabaki bapa. Funga mwisho wa chini kwa misumari midogo miwili iliyokunjwa au kwa waya, toboa matundu mawili juu ya kupitishia mkanda. Fanya kazi hiyo nje, ule moshi si mzuri. Panga likiingia lisicheze. Likicheza, viringisha kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye mdomo wa ala.

Kwa shoka inatosha shingo ya gambuti kuukuu. Kata kipande cha mpira, kikunje kifunike mdomo wote wa shoka na pembe zake mbili, kisha ukifunge kwa ukanda wa tyubu unaozunguka kisogo. Pembe ndizo watu wanazisahau, na kona ya shoka hukata vibaya kuliko mdomo wenyewe. Kama shoka lako ni la kienyeji, lile ambalo chuma kimechomekwa kwenye kichwa kinene cha mpini, una bahati: gonga kichwa cha mpini kinyumenyume, chuma kitatoka, kifunge kwenye gunia ukiweke ndani ya kiroba, na mpini uwe fimbo yako ya kutembelea. Ukifika unakirudisha, na kila pigo linakikaza zaidi. Shoka la kiwandani lenye tundu halina raha hiyo, kwa hiyo kila asubuhi lishike kichwa kikiwa juu, ugonge mwisho wa mpini kwenye jiwe mara mbili, uangalie kama kichwa kimesogea. Kimesogea hata kidogo? Kaza kabari ya mpini kabla hujatoka uani. Lile la begani kwangu lilikuwa limesogea kwa wiki nzima na nilikuwa naliona.

Msumeno wa mkono, ule wa upinde, unavikwa kipande cha mpira wa kumwagilia bustani kilichochanwa kwa urefu, na kufungwa kwa tyubu sehemu tatu. Chenso huja na kifuniko chake cha baa, nacho ndicho kitu cha kwanza kupotea. Kikipotea kata ubavu wa dumu la plastiki, ukunje mara moja, utoboe ufunge kwa waya. Sura haina maana, mradi mnyororo umefunikwa wote, mpaka ncha.

Na tupa nayo ni kitu cha kuvika. Tupa mbili zikigongana ndani ya mfuko meno yake huisha. Ziweke kila moja ndani ya kipande cha mwanzi. Hakikisha pia umebeba tupa ya mnyororo wako, si ya jirani: minyororo midogo hutumia ya milimita 4, ya kati milimita 4.8, na mikubwa zaidi huanzia milimita 5.2. Namba iko kwenye kijitabu cha mashine au kwenye pakiti ya mnyororo.

Hatua ya 4: Mwilini, mgongoni, mkononi

Gawa vitu katika mafungu matatu, na swali la kugawa ni moja: mti ukinilalia mguu, nitakihitaji kipi bila kuweza kusogea?

Vya mwilini ni hivi: filimbi shingoni, kwenye uzi unaokatika ukivutwa kwa nguvu, simu ndani ya mfuko wenye zipu, imefungwa kwenye plastiki, bandeji pana au kipande cha kanga safi ndani ya mfuko wa paja, na kisu kidogo. Basi. Nimeona watu wenye sanduku zuri la huduma ya kwanza limekaa kwenye kiroba mita 40 kutoka walipo. Damu ya paja haingoji mita 40. Bandeji ikiwa mfukoni unaikandamiza kwenye jeraha pale pale, kwa nguvu, bila kuachia kila mara kuchungulia, huku unapuliza filimbi. Filimbi ni bora kuliko kupiga kelele kwa sababu pumzi haiishi haraka, na mabonde yetu yana sehemu nyingi ambazo simu haina mtandao. Kubalianeni nyumbani: mara moja ni "uko wapi", mara tatu ni "njoo mbio".

Panga linakaa kiunoni ndani ya ala, upande wa mkono usiolitumia, ncha ikielekea nyuma kidogo. Lisikae katikati ya mgongo, kwa maana ukiteleza kwenye ule udongo wetu huanguki kifudifudi, unaanguka matako.

Vya mgongoni viingie kwenye shanta au kiroba kilichoshonewa mikanda miwili. Mkanda mmoja wa begani unakuvuta upande, na kwenye mteremko hiyo ni nusu ya kuanguka. Chini kabisa weka kamba na kabari. Katikati, upande wa mgongo wako, maji. Juu chakula, tupa, spana, glavu. Kamba iwe kama mita 10, nene kama kidole kidogo, ya manila au katani nzuri. Usiivae begani au shingoni kwa kuiviringisha kama wafanyavyo vijana. Ikinasa kwenye tawi au ikikaribia mnyororo unaozunguka, itakuvuta wewe.

Vya mkononi ni shoka na chenso, na mikono ni miwili. Usiongeze cha tatu.

Shoka lishike karibu na kichwa, mkono umening'inia ubavuni, mdomo ukitazama mbele na chini. Begani hapana. Najua baba zetu wote walibeba begani, hata picha za ukumbusho zimepigwa hivyo. Lakini begani shoka liko sentimita chache kutoka shingoni, na ukianguka linaanguka na wewe. Likiwa mkononi unaweza kulitupa, na ndiyo maana kwenye mteremko linashikwa mkono wa upande wa bondeni: unapoteleza, unalirusha bonde, wewe unaangukia upande wa mlima.

Chenso inazimwa, inavikwa kifuniko, inashikwa kwa ule mpini wa mbele wa duara, baa ikielekea nyuma. Ekzosi ikae mbali na mguu. Hata baada ya kuzimwa inaweza kukuunguza ndani ya suruali.

Hatua ya 5: Mafuta ni mzigo wa peke yake

Petroli na chakula havikai mfuko mmoja. Sisi tuliihalifu sheria hii mara moja na chai ikanukia petroli wiki nzima, kwa sababu chupa ya chai haikusafishika kirahisi. Siku hizi mafuta yana mtu wake na mfuko wake.

Chenso inakunywa petroli iliyochanganywa na oili ya tu-ti (2T, oili ya injini za mipigo miwili). Kwa mashine nyingi za sasa, zikitumia oili nzuri, ni sehemu 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, au mililita 100 kwa lita 5. Soma kijitabu chako, kwani nyingine, au oili ya kawaida, hutaka 25 kwa 1, yaani mililita 40 kwa lita. Changanya nyumbani, mahali penye mwanga na kipimo. Porini mtu hukadiria kwa jicho, na jicho likikosea injini inakwama kwa kukosa ulainisho. Changanya unachoweza kumaliza ndani ya mwezi mmoja.

Kidumu kiwe cha mafuta chenye mfuniko wa kukaza na mpira ndani. Chupa ya maji ya kunywa ni marufuku nyumbani kwetu, kwa sababu mbili: plastiki yake ni nyembamba, na mtoto mwenye kiu hasomi. Funga kitambaa chekundu kwenye kidumu cha petroli, cha oili kiache bila kitambaa. Jua likiwaka, mvuke hujaa ndani. Fungua mfuniko polepole, uso ukiwa pembeni.

Oili ya mnyororo huvuja popote ilipo, haijalishi umekaza vipi. Weka kidumu chake kimesimama ndani ya ndoo ndogo au kopo la rangi, na ubebe kitambaa cha kufutia mikono. Mpini wa shoka wenye oili ni shoka litakaloruka.

Hatua ya 6: Njiani

Aliyebeba makali atangulie au akae mwisho, na kati ya mtu na mtu pawe na hatua nne au tano. Watoto wasitembee kati ya wawili wenye zana. Kwenye mtaro, uzio au kijito, zana zinatangulia: unaiweka chini upande wa pili, au unampa mwenzio, kisha unavuka mikono mitupu. Ukimpa mtu shoka au panga, mpe mpini, na usiachie mpaka aseme "nimeshika". Neno hilo dogo tulianza kama utani wa kuwaiga mafundi, sasa hata mama analisema akipokea sufuria.

Kwa baiskeli, shoka linafungwa kwa mipira ya tyubu kwenye bomba la katikati la fremu, kichwa kikiwa nyuma, chini ya kiti, ili lisizuie usukani. Chenso iwe kwenye keria, imelala kwa upande wake wa kawaida, baa ikielekea nyuma na kitambaa chekundu kimening'inia. Ukiigeuza itakuandikia ramani ya oili mpaka shambani.

Kwa bodaboda, mpe dereva mzigo usio na makali na wewe panda na chenso ikiwa imefungwa kwenye keria nyuma yako. Isikae katikati yenu. Kidumu cha petroli kisiwe karibu na ekzosi. Dereva akisema kilo zake na zako na za chenso ni sawa tu, na barabara ni ile ya matope, teremka utembee. Nauli itakuwa imelipa mzigo, ambayo ni nusu ya faida.

Viatu: gambuti nzuri yenye meno chini, au buti ngumu. Yeboyebo ni za bafuni. Na ulanzi, ile pombe ya mianzi, jamani, ni wa jioni.

Hatua ya 7: Ukifika, tengeneza kituo

Usitupe mzigo chini ya mti wa kwanza na kuanza kukata. Tazama mti utakaoangushwa, kadiria urefu wake, na weka kituo umbali wa angalau mara mbili ya urefu huo. Muwati wa mita 15 unataka mita 30. Uwe upande wa juu wa mlima au pembeni. Chini kabisa hapana, kwa kuwa magogo hubingirika.

Tandaza kitu chenye rangi kali. Sisi tuna kanga kuukuu nyekundu. Kila kisicho mkononi kinakaa juu ya kanga. Kwenye majani makavu ya muwati, tupa ikidondoka umeipa ardhi. Kwa sababu hiyo mipini yetu yote ina pete ya rangi ya chungwa, hata ule wa tupa. Kijani na kahawia epuka, ingawa fundi rangi atakuambia ndizo zilizobaki kwenye kopo.

Shoka lisilotumika lichomeke chini kwenye kisiki, mpini ukielekea mbali na njia, au lilale juu ya kanga na mpira wake. Mafuta yakae kivulini, kwenye udongo mtupu uliokwanguliwa majani. Jaza tangi hapo, injini ikiwa imepoa dakika kadhaa, futa kilichomwagika, kisha sogea hatua nne au zaidi ndipo uwashe. Kiangazi cha Septemba na Oktoba majani yote ni kiberiti, na moto wa shamba la muwati hauulizi mwenye shamba ni nani. Maji lita kadhaa na tawi bichi la kupigia moto viwe tayari. Hatuvuti sigara wala kupasha chai karibu na kidumu.

Hatua ya 8: Kutoka mti mmoja kwenda mwingine

Hatua mbili tatu, chenso ikiwa inanguruma, vuta breki ya mnyororo kwanza. Zaidi ya hapo zima. Kuna uvivu hapa: mtu anaona kuvuta kamba ya kuwashia ni kazi, basi anavuka matawi na mashina akiwa na msumeno ulio hai. Mguu ukinasa, kidole cha gesi ndicho kinachobana, kwa sababu mkono unaotafuta kujishikilia hukaza chochote ulichoshika.

Anayeangusha asibebe kitu kingine. Msaidizi ndiye mwenye shoka na kabari, na anakaa kituoni mpaka mti uwe chini.

Kila mnapohama kituo, hesabu kwa sauti. Chenso, shoka, panga, kabari, tupa, spana, kidumu, kidumu, kamba. Tisa. Mdogo wetu ndiye mwenye hesabu, na hatuondoki mpaka aseme tisa.

Hatua ya 9: Kurudi na tita

Siku ya kubeba, kata kamba mbili, au chuna kamba za magome ya muwati wenyewe. Gome bichi likichunwa kwa ukanda mrefu linafunga vizuri kuliko kamba nyingi za dukani na halina bei. Zilaze chini sambamba, mwachano wa kama nusu mita. Kuni ziwe na urefu wa kama mita moja. Panga nene chini, nyembamba juu, ukibadilishana: shina huku, ncha kule, ili tita lisiwe zito upande mmoja. Kandamiza kwa goti, vuta, funga. Tita likitikiswa lisitoe sauti. Kuni moja iliyolegea huchomoka kwa nyuma mpandapo, na wenzako wako nyuma yako.

Uzito: kipimo changu ni robo ya uzito wa mbebaji, na theluthi kwa mwenye mazoea kwenye njia ya tambarare. Dada zangu hunicheka kwa hilo, lakini wao ndio wanaolalamika shingo usiku. Safari mbili za kilo 18 zinaacha mtu mzima kuliko moja ya 36.

Ngata iwe nene, ya kanga iliyoviringwa kwa ukaidi, si kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Usinyanyue tita kutoka chini peke yako. Liegemeze kwenye kisiki au panda ya mti yenye kimo cha kifua, uingie chini yake, unyooke kwa magoti. Ukijua njia yako, tengeneza mahali pa namna hiyo nusu ya safari: nguzo mbili na mti mmoja juu yake. Sisi tunayo mbili, na wapita njia tusiowajua huzitumia kuliko sisi.

Panga lisiingie kwenye tita. Kama mikono yote inahitajika, litaingia likiwa ndani ya ala, mpini ukitazama nyuma, limefungwa kwa ukanda wake peke yake kabla ya kamba za kuni. Kisigino cha kaka yangu kilikatwa na panga ambalo "lilikuwa limebanwa vizuri na kuni".

Nyumbani

Vua ala zote. Ala yenye unyevu ikikaa usiku kucha na panga ndani, asubuhi unakuta kutu. Futa utomvu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, pangusa makali kwa tone la oili, nolea jioni hiyo kama bado una nguvu, kwa maana kesho utakuwa na haraka. Toa unga wa mbao kwenye kichujio cha hewa cha chenso kwa brashi ya meno kuukuu. Vidumu vya mafuta vinakwenda kwenye kibanda cha nje, mbali na jiko na chumba cha watoto. Bandeji iliyotumika, hata robo yake, weka mpya mfukoni usiku huo huo.

Halafu misumari. Ukutani kwetu ipo tisa, na chini ya kila mmoja nimechora kwa mkaa umbo la kinachoning'inia hapo. Wiki iliyopita msumari wa tupa ulikuwa mtupu. Tulirudi na tochi na kuikuta juu ya kisiki, pete yake ya chungwa ikionekana hatua ishirini.